Gari inamisi: hamisha kwanza, kununua baadaye

Injini ikianza kumisi, yaani silinda moja au zaidi inakosa kuwaka kwa zamu yake, dereva unajua hata kabla taa haijawaka. Gari imesimama inaunguruma tu unahisi usukani unatetema na kiti kinacheza, ukianza kupanda mlima na mzigo nyuma inashika inakata inashika inakata, na kule kwenye ekzosti unasikia pu pu pu isiyo na mpangilio. Wengi tukisikia hivo tunakimbilia dukani, tunarudi na seti nzima ya plagi na koili (zinazotoa umeme wa cheche ya plagi), tunafunga zote, halafu gari inaendelea kumisi vilevile. Hilo linaniuma sana kwa sababu kwenye injini ya petroli silinda inayomisi huwa inakuonyesha yenyewe inachoumwa, ukiiuliza kwa utaratibu, na kuuliza kwenyewe hakuna gharama zaidi ya muda wako na spana chache.

Kabla ya yote, taa ya injini kwenye dashibodi. Ikiwaka ikatulia una muda wa kuchunguza, ikiwa inapepesa acha kukanyaga mafuta, tafuta sehemu salama usimame, usiseme nitafika tu. Kupepesa maana yake silinda inamisi kiasi cha kuharibu katalisti, kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosti, petroli ambayo haijaungua inatoka na hewa yake inaenda kuungulia ndani ya yale masega ya ekzosti, masega yanapata moto kupita kiasi hadi yanayeyuka na kuziba. Hapo tatizo la koili moja limekuwa tatizo la ekzosti nzima, na ekzosti ikishaziba injini inakosa pumzi na kuanza kumisi kwa sababu nyingine kabisa. Nimeona gari imebadilishiwa koili sahihi kabisa lakini haina nguvu kwa sababu mwenyewe aliendesha siku kadhaa taa inapepesa.

Haya tuanze. Chomeka skana, kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Pickup na SUV zilizouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 zina soketi ya OBD-II chini ya dashibodi upande wa dereva, na nyingi za sehemu nyingine zilifuata baadaye. Unatafuta namba ya P03 kitu. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, inaenda hivo hivo hadi P0308 kwa V8, na P0300 maana yake kumisi kunahama hama au kuko kwenye silinda zaidi ya moja. Usifute kwanza! Watu wanasoma na kufuta hapohapo halafu wanapoteza kitu cha maana kuliko hiyo namba, yaani ile kumbukumbu ambayo kompyuta inahifadhi ya hali ilivyokuwa kosa linapotokea: injini ilikuwa na joto kiasi gani, inazunguka mara ngapi kwa dakika, mzigo ulikuwa mkubwa au mdogo. Iandike pembeni, utaihitaji.

Ujue pia kompyuta haioni cheche ya plagi. Inachoangalia ni kasi ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kupitia sensa, silinda ikiwaka krankshafti inasukumwa kidogo, ikikosa kuwaka inapungua kasi kidogo, kompyuta inahesabu ni zamu ya nani ilikosekana. Ndo maana skana inakwambia silinda gani lakini haikwambii kwa nini, na ndo maana barabara mbovu sana yenye matuta matuta inaweza kuidanganya gari nzima isiyo na tatizo.

Sasa silinda ya 3 iko wapi? Hapa watu wanabadilisha koili ya silinda isiyo na kosa halafu wanalalamika. Injini ya mstari mmoja ni rahisi, namba moja kwa kawaida ni ile ya upande wa belti. V8 ndo zina vurugu. Ukiwa umekaa kiti cha dereva unaangalia mbele, V8 za Ford za kisasa zina 1 hadi 4 upande wa kulia kutoka mbele kurudi nyuma, halafu 5 hadi 8 upande wa kushoto. V8 za GM kama 5.3 zenyewe zinaruka, upande wa kushoto 1, 3, 5, 7 na kulia 2, 4, 6, 8. Usikisie, tafuta mchoro wa injini yako yenyewe.

Ukishaijua silinda, ndo tunafika kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue. Unahamisha. Tuseme umepata P0303 na kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Chukua koili ya silinda ya 3 weka kwenye silinda ya 5, ile ya 5 ije 3. Plagi ya silinda ya 3 ipeleke silinda ya 6, ya 6 ije 3. Sehemu mbili tofauti makusudi. Halafu futa kosa, endesha gari katika hali ileile uliyoiandika kwenye ile kumbukumbu, kama ilikuwa inamisi mlimani nenda mlimani. Soma tena. Ikija P0305 koili ndo mbovu. Ikija P0306 ni plagi. Ikibaki P0303 basi koili na plagi hazina kosa, kilichobaki ni nozeli ya mafuta, waya, au silinda yenyewe haina kompreshini, yaani haibani hewa vizuri. Mzunguko mmoja umeshaondoa nusu ya maswali na hujanunua chochote.

Fanya hivyo injini ikiwa imepoa. Hedi (kichwa cha injini kinachofungwa plagi) nyingi sasa ni za aluminiamu, ukifungua plagi ikiwa ya moto unaweza kutoka na nyuzi za hedi. Na kabla hujafungua pulizia hewa kwenye shimo la plagi, mchanga na vumbi lililojikusanya mle likidondoka ndani ya silinda utajutia. Kurudisha anza kwa mkono, kipande cha mpira wa hosi kilichochomekwa kichwani mwa plagi kinasaidia sana maana ukikosea nyuzi mpira unateleza tu, hauwezi kulazimisha kama spana. Kwa V6 nyingi zilizokaa upande, benki ya nyuma, yaani safu ya silinda za nyuma, imefunikwa na manifoldi ya hewa, huko huwezi kwenda mara mbili mbili kwa hiyo ukishafungua weka plagi mpya zote za upande ule na gasketi mpya za manifoldi, hapo ndo mahali pekee nakubali mtu anunue kabla ya kuthibitisha.

Plagi ukiwa nayo mkononi iangalie vizuri, inasema mengi. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu, silinda iko vizuri. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta mengi kuliko hewa au cheche dhaifu. Nyeusi yenye majimaji ya oili, oili inaingia kwa kupitia ringi za pistoni au sili za valvu. Imelowa petroli na inanuka, mafuta yanafika ila hakuna cheche. Kavu nyeupe wakati zingine zote zina rangi, huenda nozeli haimwagi mafuta ya kutosha. Na ile iliyo safi kupita kiasi, imeng'aa kama imeoshwa wakati wenzake zimechafuka, hiyo iogope, mara nyingi maji ya rejeta yanaingia ndani na yanageuka mvuke unaoisafisha. Angalia na ile sehemu nyeupe ya kauri kwa nje, ukiona mstari mweusi mwembamba kama wa penseli unatoka juu hadi chini, umeme ulikuwa unakimbilia pembeni badala ya kuruka kwenye ncha, na mpira wa koili ile ukiukagua kwa ndani utakuta mstari kama huo. Hapo badilisha vyote viwili, plagi na mpira, ukibadilisha kimoja kile kingine kitaharibu kipya.

Ukitoa koili ukakuta shimo lina oili, gasketi ya kava ya valvu inavuja. Ukikuta maji, basi gari yako ndo ile inayomisi baada ya mvua au baada ya kuoshwa injini halafu ikikauka inapona. Kausha, paka grisi ya silikoni ndani ya mdomo wa mpira, tafuta maji yanapoingilia.

Tuongelee sasa wakati inapomisi, maana hilo ndo swali namba mbili baada ya silinda gani.

Inamisi ikiwa na mzigo tu, mlimani au unapovuta trela au kuovateki, lakini ikisimama imetulia: fikiria cheche kwanza. Mgandamizo ndani ya silinda ukiwa mkubwa umeme unahitaji nguvu zaidi kuruka ile nafasi ya plagi, na koili inayochoka inaweza kuruka vizuri bila mzigo ikashindwa ukikanyaga. Plagi iliyokwisha nayo, nafasi yake imepanuka, inaongezea koili kazi hadi inaiua, kwa hiyo ukibadilisha koili ukaacha plagi chakavu utarudi tena. Nafasi pima kwa geji kulingana na kitabu cha injini yako, nyingi ziko kwenye milimita 1 na kidogo lakini usitumie namba ya gari ya jirani. Kama cheche ziko sawa na silinda zote zinalalamika kwenye mzigo, pima presha ya mafuta, pampu imechoka au filta imeziba.

Inamisi ikiwa imesimama tu, ukipiga resi inatulia: hewa inaingia mahali isipotakiwa, hosi ya vakyumu imepasuka, gasketi ya manifoldi imekauka, au valvu ya EGR (inayorudisha moshi wa ekzosti kwenye injini) imekwama wazi. Hewa ya kuvuja ni kiasi kidogo, injini ikizunguka taratibu kiasi hicho ni kikubwa kwake, ikizunguka kwa kasi inavuta hewa nyingi na ule mvujo hauonekani tena. Skana ikiwa inaonyesha kompyuta inaongeza mafuta zaidi ya asilimia 10 gari ikiwa imesimama, halafu namba inashuka ukishikilia mizunguko 2500, jibu ni hilo. Ikiwa kinyume, namba inapanda kadri unavyokanyaga, rudi kwenye pampu na filta. P0300 ikija pamoja na P0171 na P0174 (mafuta machache kuliko hewa, benki zote mbili) usiguse plagi kwanza, fuata hewa na mafuta.

Inamisi asubuhi tu kwa dakika moja mbili halafu inapona. Hii naomba uisome kwa makini kwa sababu ndo inayopuuzwa kuliko zote, gari ikipata joto inakuwa nzuri na mtu anasahau. Inaweza kuwa nozeli inayovuja usiku, inaweza kuwa kaboni kwenye valvu za hewa hasa kwa injini zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, maana kule petroli haipiti kwenye valvu kuziosha. Lakini kama kuna moshi mweupe mzito wenye harufu tamu na maji ya rejeta yanapungua huku chini ya gari pakavu, gasketi ya hedi inapitisha maji kidogokidogo usiku mzima. Injini ikiwa imepoa ongeza presha kwenye mfumo wa maji kwa pampu ya kupimia usizidishe ile iliyoandikwa kwenye mfuniko, acha usiku kucha, asubuhi toa plagi uangalie ipi imelowa au ingiza kamera ndogo uone juu ya pistoni. Ukiipata mapema unabadilisha gasketi, ukichelewa maji yanaingia kwenye oili na beringi zinakwisha, au yanajaa kwenye silinda na pistoni haiwezi kubana maji, konrodi inapinda.

Inamisi ikishapata moto tu: koili nyingi zinakufa hivi, zikiwa baridi zinapima vizuri, waya wa ndani ukipata joto unaachana. Sensa ya krankshafti nayo ina tabia hiyo ila yenyewe mara nyingi inazima gari kabisa. Usimwamini mtu aliyepima koili ya baridi kwa multimita akasema nzima, na koili zenye saketi ya elektroniki ndani huwezi kuzipima kwa oms peke yake, njia ya uhakika ni kuihamisha.

Tuseme umehamisha na kosa limebaki palepale silinda ya 3. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu ya nozeli na sikio kwenye mpini, injini ikiwa inaunguruma, angalia feni na belti zisikushike nguo. Nozeli nzima inagonga tik tik tik, linganisha na ya jirani. Haigongi kabisa, zima, chomoa soketi yake upime oms, nyingi za aina ya kawaida ziko kati ya 11 na 16, lakini cha msingi ifanane na wenzake. Oms ziko sawa na bado haigongi basi mara nyingi umeme haufiki. Kwa injini za kumwaga moja kwa moja usifungue bomba za mafuta hovyo, presha yake ni maelfu ya psi, inapenya ngozi.

Waya zinanihusu mimi binafsi. Niliwahi kuhangaika na pickup ya V8 iliyokuwa inamisi silinda ya 7, nilihamisha koili, plagi, hadi nozeli, kosa halikuhama, kompreshini nzuri, nikaanza kufikiria kompyuta imekufa. Kilichokuwepo ni waya wa nozeli nyuma kabisa ya injini karibu na ukuta wa kabini, ulikuwa unasugua kwenye kona ya bati, plastiki imekwisha na nyuzi za shaba zimebaki mbili tatu, injini ikitikisika kwenye mzigo zinaachana. Panya nao wanakula waya hasa gari ikikaa muda mrefu. Siku hizi kabla ya kusema kompyuta natikisa kila soketi kwa mkono injini ikiwa inaunguruma, nasikiliza mlio ukibadilika, mikono ikiwa mbali na waya za plagi zenyewe maana mle kuna volti maelfu kwa maelfu.

Cheche ipo, mafuta yapo, waya ni nzima. Kilichobaki ni silinda kushindwa kubana hewa, na hapa ndo mtu asikuuzie koili ya tatu. Pima kompreshini: injini ya vuguvugu, plagi zote nje, mafuta na umeme wa koili umekatwa, throto (mlango wa kuingizia hewa) imefunguliwa mwisho, betri imejaa, piga stata mizunguko ileile kwa kila silinda. Injini nyingi za petroli zinatoa kati ya psi 120 na 200 hivi, ila usiangalie namba peke yake angalia tofauti, ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Iliyo chini mwagia kijiko cha oili kupitia shimo la plagi upime tena. Ikipanda vizuri ni ringi au ukuta wa silinda. Isipopanda ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini zote, gasketi ya hedi imekatika katikati yao.

Ukitaka uhakika zaidi ingiza hewa ya kompresa kwenye silinda hiyo pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, halafu sikiliza. Hewa inapulizia kwenye throto, valvu ya kuingiza. Inatokea kwenye ekzosti, valvu ya kutoa. Inapumua kwenye mfuniko wa oili, ringi. Maji ya rejeta yanatoa mapovu, gasketi ya hedi au hedi yenyewe imepasuka. Hakuna kipimo ninachokipenda kama hiki kwa sababu injini inakujibu kwa sauti.

Baadhi ya injini zina mambo yake na ni vizuri ujue kabla hujashika spana. Ford 5.4 zenye valvu 3 kwa kila silinda za 2004 hadi 2008, plagi zake za vipande viwili zinashikwa na kaboni chini na kukatikia ndani ya hedi, usizing'oe kwa nguvu, loweka dawa ya kulegeza, legeza kidogo, subiri, na uwe na kifaa cha kutolea vipande karibu. Hemi 5.7 ina plagi 16, mbili kila silinda, mtu akikwambia kabadilisha plagi 8 ujue kafanya nusu. GM 5.3 zinazozima nusu ya silinda ili kubana mafuta zinazima 1, 4, 6 na 7, kwa hiyo kumisi kwenye mojawapo ya hizo pamoja na mlio wa tak tak juu ya injini kunakupeleka kwenye lifta (kipande kinachosukuma valvu) iliyokwama, plagi haitasaidia kitu. Na dizeli haina plagi ya cheche kabisa, huko unaangalia nozeli, hewa kwenye bomba za mafuta na kompreshini.

Ukishatengeneza, futa makosa, na usitosheke na taa kuzimika. Kompyuta nyingi zinahesabu kumisi kwa kila silinda na skana nzuri inakuonyesha hesabu hiyo hata taa ikiwa haijawaka. Endesha gari baridi, endesha ikiwa ya moto, panda na mzigo, halafu angalia. Silinda zote zikisoma sifuri au mojamoja za bahati mbaya, funga boneti. Ukiona ile yako bado inapanda, hata 20, 30, rudi kwenye karatasi uliyoandika hali ya kwanza uone ni hali gani bado hujaijaribu.